Kazi ya kwanza ya majira ya joto kwa mwanao wa miaka 14 hadi 17, jimbo la New York

Kila Juni simu yangu haitulii. "Dada, kijana wangu anaanza kazi Jumatatu, wanadai karatasi. Karatasi gani tena?" Ni karatasi za kazi. New York haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuanza kazi bila hizo, hata shule ikiwa imefungwa.

Anza Mei, wakati walimu bado wapo. Mwanao aende ofisi ya washauri wa wanafunzi achukue fomu AT-17, ya kuombea karatasi hizo. Wewe mzazi unasaini. Kwa kazi za likizo si lazima ufike shuleni mwenyewe. Pamoja na fomu hiyo apeleke uthibitisho wa umri na cheti cha daktari cha afya, kisichozidi miezi 12.

Hapo kwenye afya ndipo wengi wanapokwama. Mpwa wangu alipata kazi ya kupanga bidhaa dukani mwisho wa Juni. Cheti chake kilikuwa kimepitwa na wiki tatu tu, muuguzi wa shule kaenda likizo, kliniki inatoa miadi ya mwezi ujao. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Kwa hiyo tazama tarehe ya uchunguzi wa mwisho kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Umri nao una mambo yake kwetu tuliopitia kambi za wakimbizi. Watoto wengi wameandikwa kwenye nyaraka kuwa walizaliwa 1 Januari. Wewe unajua alizaliwa msimu wa mvua na ametimiza 14, lakini shule itafuata kilichoandikwa. Usijaze tarehe unayoikumbuka wewe. Jaza ile iliyo kwenye nyaraka zake zote, na majina yafuatane vilevile.

Vikikamilika, shule inampa cheti cha kazi, ndizo hizo karatasi za kazi: cha bluu kwa miaka 14 na 15, cha kijani kwa 16 na 17.

Kuhusu pa kutafuta kazi, uliza kaunti yako mapema kuhusu mpango wa jimbo wa ajira za vijana, miaka 14 hadi 20, kwa familia za kipato kidogo. Nje ya mpango huo, aingie dukani mwenyewe, saa ambazo hakuna foleni, aombe kuonana na meneja. Usimsemee. Meneja anamwajiri yeye.

Akishakubaliwa, atajaza fomu I-9, ya kuthibitisha yeye ni nani na kwamba anaruhusiwa kufanya kazi Marekani. Kama hana kitambulisho chenye picha, aliye chini ya miaka 18 anaweza kutumia ripoti ya shule au rekodi ya daktari, pamoja na kadi yake ya Social Security, ile tunayoiita sosho, isiyo na maandishi ya kumwekea masharti ya kazi. Apeleke kadi halisi. Nakala ya fotokopi haikubaliwi. Kisha W-4 ya kodi. Hata asipokatwa kodi ya mapato, asilimia 7.65 ya mshahara itakatwa kwa ajili ya Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), basi mwambie mapema asije akadhani ameibiwa.

Wa miaka 14 na 15 hafanyi zaidi ya saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki wakati wa likizo. Na yeyote chini ya 18 haruhusiwi kugusa mashine ya kukatia nyama, hata bosi akimwambia ni dakika moja tu.

Swali ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini: je, fudi stempu, yaani msaada wa chakula wa serikali uitwao SNAP, zitapungua? Mshahara wa mwanafunzi wa shule ambaye hajafika miaka 18 na anaishi na mzazi wake hauhesabiwi kwenye SNAP, mradi atarudi darasani likizo ikiisha. Nimeona mama akimkataza binti yake kazi kwa hofu hiyo tu.

Cheti cha kazi hukaa kwa mwajiri. Akiacha kazi Agosti akidai arudishiwe, kwa sababu ndicho atakachompelekea mwajiri mwingine.