Unanunua nyumba Dar? Nenda kaiangalie mvua ikinyesha

Jamani nyumba iliyokwishajengwa usiende kuiangalia Agosti jua linawaka, subiri masika, kati ya Machi na Mei, tena siku mvua imepiga usiku kucha, hapo ndo utaona maji yanatuama wapi. Shemeji yangu alinunua kiangazi, masika yake ya kwanza tukawa tunatoa maji sebuleni kwa ndoo. Cheki ukuta wa jirani, ukiona mstari wa tope ujue na huku yalifika, ila muuzaji keshapaka rangi.

Na rangi mpya ndo inayonitia wasiwasi kuliko vyote. Inama, pitisha kiganja chini ya ukuta, ukitoka na unga mweupe au rangi imevimba malengelenge, ukuta unaliwa na chumvi, maji yanapanda toka kwenye msingi au tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa baharini. Kupiga lipu upya hakuponyi, itarudi tu.

Nyufa nyembamba kama nywele mara nyingi ni lipu, zisikutishe. Ila ufa ulioanzia kona ya dirisha ukakata mshazari na sarafu inaingia, hapo msingi umetitia, na mara nyingi utakuta na milango inagoma kufunga.

Panda darini na tochi, wakisema hamna ngazi kaazime. Choma kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi, ikizama kirahisi mchwa washamaliza kazi. Madoa ya kahawia kwenye jipsam maana yake bati linavuja.

Vuta maji chooni huku mabomba yote yako wazi, uone kama chemba ya majitaka inapokea maji yote au inafurika. Kisha muulize jirani gari la majitaka linakuja mara ngapi, huyo hana cha kukuficha. Luku nunua umeme kidogo, deni likiwepo utaona linakatwa.

Karatasi nazo: fanya sechi ya hati ofisi ya ardhi, yaani wakuangalizie mmiliki ni nani, pita serikali ya mtaa, na kama ni nyumba ya familia mke au mume akubali kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Iliyo ndani ya mita 60 toka mtoni achana nayo hata wakikupunguzia bei.

Fundi wa kukagua mlete mwenyewe umlipe mwenyewe, yule wa dalali anakula kwa dalali.