Jinsi ya kusimamisha ukumbusho wa kanisa bila kujijengea jina

Samweli alisimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni, akaliita Eben-ezeri, akisema, "Hata sasa Bwana ametusaidia" (1 Samweli 7:12). Sura nane mbele, Sauli anafika Karmeli na kujisimamishia ukumbusho (15:12). Mpita njia angeona mawe mawili tu. Tofauti yake imo katika silabi moja, "ji", ileile ya watu wa Babeli waliotaka kujijengea mji na kujifanyia jina. Kamati inayopanga msalaba wa uwanjani, nguzo ya jubilei au bamba la ukutani ina kazi ya kuitafuta hiyo "ji" mapema, ingali kwenye karatasi. Ikishachongwa, kuiondoa ni gharama na fedheha.

Anzeni na swali la mtoto

Katika Yoshua 4, mawe 12 yalitolewa katikati ya Yordani na kubebwa mabegani hadi Gilgali. Yalikuwa mawe ya mtoni, na hakuna tunapoambiwa kwamba yalichongwa. Sababu yake inatajwa waziwazi: siku watoto watakapouliza maana ya mawe haya, wazazi wawe na la kujibu.

Basi kabla ya mchoro, andikeni jibu hilo kwa sentensi moja ambayo mtendaji wake ni Mungu. "Mungu alitulinda wakati wa njaa" inatosha. "Usharika wetu unatimiza miaka 50" bado haijafika, kwa sababu inahesabu miaka bila kusema nani aliyeibeba. Msomeeni mtoto wa miaka kumi, kisha mwulizeni jiwe hili linamsifu nani. Akimtaja mchungaji au mfadhili, rudini mezani. Kamati ikishindwa kupata sentensi hiyo katika vikao viwili, ahirisheni, maana ukumbusho bado hauna habari ya kukumbusha.

Maandishi na majina

Hapa ndipo mambo mengi huharibika, na huharibika kwa nia njema kabisa. Chukueni bamba la kawaida la jiwe la msingi: "Jiwe hili la msingi liliwekwa rasmi na Mheshimiwa Baba Askofu Dkt. Fulani, akiwa pamoja na mgeni rasmi Mheshimiwa Fulani, chini ya uenyekiti wa…" Maneno zaidi ya 20 yamepita, vyeo vinne vimetajwa, na Mungu hajatajwa. Mara nyingi huongezwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Kwa utukufu wa Mungu." Macho husoma kwanza kilicho juu na kikubwa, kwa hiyo ukubwa wa herufi nao ni mahubiri.

Geuzeni mpangilio. Mstari wa kwanza ubebe sentensi ya mtoto. Wa pili, andiko lenyewe kwa ufupi, pamoja na sura na mstari wake. Wa tatu, mwaka. Jumla isizidi maneno 25. Ikilazimu kumtaja aliyeweka wakfu, jina lake liwe mwishoni, bila msururu wa vyeo, kwa herufi zisizozidi nusu ya zile za mstari wa kwanza. Wafadhili waandikwe kwenye daftari la usharika, kwa mpangilio wa alfabeti na bila kiasi. Daftari linatunza historia vizuri kuliko ukuta, na halimwaibishi aliyetoa kidogo.

Wapo watakaodai kwamba kuficha jina ni kukosa shukrani. Wakumbusheni Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, aliyezikwa Geneva mwaka 1564 katika kaburi lisilo na alama kwa matakwa yake mwenyewe, na Papa Fransisko, aliyeagiza kaburi lake la mwaka 2025 liandikwe neno moja tu, Franciscus. Hao ni watu wa mapokeo mawili yaliyo mbali sana. Shukrani ina njia nyingi: barua, maombi kwa jina, kumtembelea mtu nyumbani kwake.

Upande wa ufundi, msomaji aliye umbali wa mita 3 anahitaji herufi za kimo cha sentimita 2.5 ili wazee nao wasome bila kukaza macho. Herufi ziwe pana na wazi. Za madoido hujaa vumbi na ukungu kwenye mikunjo yake. Kabla ya kumkabidhi mchongaji, watu watatu wasome nakala kila mmoja peke yake, mmoja wao akianzia neno la mwisho kurudi nyuma, maana jicho likisoma kwa mtiririko huruka makosa. Namba ya mstari wa Biblia ithibitishwe kwa kufungua Biblia yenyewe, asitegemewe anayekumbuka. Mchongaji apewe karatasi iliyotiwa sahihi. Maneno yanayosemwa kwa simu ndiyo huzaa jiwe lenye kosa la tahajia.

Ukubwa na mahali

Kila usharika una mtu anayetamani kirefu kuliko cha jirani. Sanamu ya Kristo Mkombozi iliyoko Rio de Janeiro, iliyozinduliwa mwaka 1931, ina mita 30 bila kitako chake. Ile ya Świebodzin, Poland, ya mwaka 2010, ina mita 33. Mashindano ya namna hiyo hayana mshindi. Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu huko Bethlehemu, kwa upande wake, uliachwa na kimo cha takriban mita 1.2, kwa hiyo kila aingiaye huinama, mkubwa kwa mdogo. Ulipunguzwa ili farasi na mikokoteni visiingie, na leo watu huuita Mlango wa Unyenyekevu.

Kwa uwanja wa kawaida, ukumbusho usizidi kimo cha ukingo wa paa la kanisa. Msibishane kwa maneno. Simamisheni mirunda miwili ya kimo kinachopendekezwa, zungusheni turubai, mwiache isimame kwa wiki moja yenye Jumapili ndani yake. Mtaona mambo ambayo mchoro haukuonyesha: kivuli kinachoangukia madirisha, watoto waliozoea kukatiza hapo, kiti cha magurudumu kilichokosa njia. Njia ya kupita iachwe na upana wa sentimita 120 angalau. Bamba liwekwe katikati yake ikiwa kati ya sentimita 120 na 140 kutoka ardhini, ili aliyeketi na mtoto wasome pia.

Fedha

Andikeni bajeti pamoja na safu ya pili pembeni: ni kazi gani ya huruma inayosubiri kiasi hichohicho? Someni safu zote mbili kwenye mkutano mkuu kabla ya kura. Papa Yohane Paulo II alikubali kuweka wakfu basilika ya Yamoussoukro, nchini Kodivaa, mwaka 1990 kwa sharti kwamba hospitali ijengwe karibu. Hospitali ilichukua zaidi ya miaka 20 kufunguliwa. Funzo la kiutendaji ni kwamba sharti lisilo na tarehe hungoja. Kama mmeazimia huduma iende pamoja na mnara, huduma ianze kwanza na mnara ufuate.

Michango ipokelewe kwa bahasha, bila kutangaza kiasi. Msikubali mchango wenye sharti la jina, hata ukiwa mkubwa kiasi cha kumaliza kazi yote. Huo hasa ndio wa kukataliwa, kwa upole, na mwenyekiti aende mwenyewe kuzungumza na mtoaji. Tengeni sehemu ya kumi ya bajeti kwa matunzo. Msikope.

Ujenzi: msalaba wa zege wa mita 3

Kipimo hiki kinatosha sharika nyingi. Zaidi ya mita 4, au kwenye udongo wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, au penye upepo mkali, mwiteni mhandisi.

Msalaba uwe na unene wa sentimita 30 kwa 30, mikono ya jumla ya mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, ikipita katika theluthi ya juu. Chimbeni msingi wa mita 1.2 kwa 1.2, kina sentimita 60, mkifika kwenye udongo mgumu. Nondo nne za milimita 12 zianzie chini ya msingi na kupanda hadi juu, zikifungwa ringi za milimita 8 kila sentimita 15. Mikononi napo pitisheni nondo nne, na msisahau kwamba zinazobeba mzigo ni zile mbili za juu, maana mkono hutaka kuinama na kupasukia juu. Fundi akiziweka chini peke yake, ufa utatokea mahali mkono unapoungana na nguzo.

Zege la msingi liwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), la msalaba 1:1.5:3. Jumla mtatumia takriban mifuko 9 ya kilo 50, nunueni 10. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Zege la majimaji humiminika kirahisi, ndiyo maana mafundi hulipenda, lakini likikauka linabaki na vitundu vinavyopitisha mvua hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kubandua zege kutoka ndani. Kwa sababu hiyohiyo acheni sentimita 4 hadi 5 kati ya nondo na uso wa zege, kwa kuegesha vipande vidogo vya zege kati ya nondo na mbao. Vijiti visitumike, vinaoza na kuacha tundu.

Pimeni kwa timazi pande mbili kabla ya kumwaga na mara tu baada ya kumwaga. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, mkimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Msitundike wala kutoboa chochote hadi siku 28 zipite.

Bamba la graniti hudumu nje kuliko marumaru, ambayo mvua huila polepole hadi herufi zikapotea. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Msalaba wa mbao usizikwe ndani ya zege, kwa kuwa huoza usawa wa ardhi. Ukalisheni kwenye kiatu cha chuma kilichoinuka sentimita 5 juu ya kitako. Penye radi nyingi wekeni kinga yenye waya wa kushuka ardhini. Kristo wa Rio alivunjwa ncha ya kidole gumba na radi mwaka 2014.

Uzinduzi na baada yake

Kitambaa kivutwe na mtoto au na msharika mzee kuliko wote. Hotuba moja, dakika kumi. Fundi mwashi na wasaidizi wake waalikwe na waombewe. Ni ajabu jinsi wanavyosahaulika. Kila mwaka kagueni nyufa na safisheni kwa maji, sabuni laini na brashi ya nyuzi. Asidi na brashi ya waya huchubua uso wa jiwe.

Nyoka wa shaba alitengenezwa kwa agizo la Mungu, na bado Hezekia alimvunja watu walipoanza kumfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Makanisa yanatofautiana kuhusu heshima inayofaa kwa msalaba na sanamu, kwa hiyo mchungaji au padri afundishe mapokeo yenu waziwazi, hapohapo penye jiwe, angalau mara moja kwa mwaka. Kwenye muhtasari wa kikao kile kile kinachoidhinisha ujenzi, andikeni kwamba baada ya miaka 10 usharika utakaa tena kuuliza kama jiwe bado linajibu swali la mtoto. Andikeni pia utaratibu wa kuliondoa likishindwa: nani anaamua, kwa kura ngapi, bamba lihifadhiwe wapi, na zege lililovunjwa lijaze njia gani.