Muhula mmoja Ulaya: uende au ubaki, na ukienda uende wapi

Anza na transkripti yako, usianze na ramani. Wengi huchagua nchi kwanza, kozi wakaja kuzitafuta viza ikiwa tayari mkononi. Wanarudi na kozi mbili tatu za lazima ambazo idara haizitambui, na shahada ya miaka mitatu inakuwa ya minne. Hasara hiyo inaepukika kabisa, lakini kazi ya kuiepuka inafanyika nyumbani, miezi sita hadi tisa kabla ya safari.

Hapa tunamzungumzia mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha Tanzania anayefikiria kwenda kwa mabadilishano, hasa kupitia Erasmus+, mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Uliza ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako swali moja kabla ya yote: nafasi hii ina posho au ina msamaha wa ada tu? Erasmus+ hutoa yuro 800 hadi 900 kwa mwezi kulingana na nchi unayokwenda, pamoja na mchango wa nauli unaopimwa kwa umbali, na chuo kinachokupokea hakikudai ada ya masomo. Makubaliano ya kawaida kati ya vyuo viwili mara nyingi yanafuta ada peke yake. Kula, kulala na tiketi ni juu yako. Kwa vyovyote vile, ada ya chuo chako cha nyumbani unaweza kutakiwa kuendelea kuilipa.

Kalenda ndiyo inayochuja nchi

Kwetu muhula wa kwanza huanza Oktoba au Novemba na kuisha Februari au Machi. Ujerumani, mihadhara ya muhula wa baridi huanza katikati ya Oktoba na kuisha Februari, kwa hiyo inakaa vizuri juu ya muhula wako. Uswidi muhula wa vuli huanza mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba na kufika katikati ya Januari. Nao unafaa, ila unakula wiki za mwisho za field (mafunzo kwa vitendo kazini). Omba kuanza field mapema na upate kibali cha maandishi, la sivyo utaombwa kuirudia.

Muhula wa pili wa Ulaya ndio wenye mtego. Uswidi na Ufini huanza Januari, wakati wewe bado una mitihani ya muhula wa kwanza. Ukiambiwa "utafanya mitihani maalumu ukirudi", dai barua yenye saini ya mkuu wa idara. Ahadi ya mdomo haimfungi mkuu mpya atakayekuwa kwenye kiti hicho mwaka unaofuata.

Kwa shahada ya miaka mitatu, wakati mzuri zaidi ni muhula wa kwanza wa mwaka wa pili. Mwaka wa tatu inawezekana kama pendekezo la utafiti wako limeshapitishwa na msimamizi amekubali kukusimamia kwa barua pepe. Kama una sapu (mitihani ya marudio) ambazo hujazifuta au unakeri kozi (umebeba kozi ulizofeli), usiende sasa. Udaktari na uuguzi ukishafika kwenye mafunzo ya wodini ni vigumu kupata ulinganifu. Hapo ziara fupi ya mafunzo kwa vitendo inafaa kuliko muhula mzima.

Linganisha saa, usilinganishe majina ya kozi

Krediti 1 ya Tanzania ni saa 10 za kazi. Krediti 1 ya ECTS, inayotumika Ulaya, ni saa 25 hadi 30. Kozi yako ya krediti 12 ni saa 120, kwa hiyo kozi ya ECTS 6, yenye saa 150 au zaidi, inaifidia bila ubishi. Ya ECTS 3 haizidi saa 90. Hata ikiwa na jina lilelile, idara ina haki ya kuikataa. Muhula kamili kule ni ECTS 30.

Chora jedwali la safu tatu: kozi yako ya lazima, kozi ya kule inayoifidia, na jina la mhadhiri wako aliyesoma muhtasari wa kozi hiyo na kuikubali. Tafuta pia kozi moja ya akiba kwa kila ya lazima, kwa sababu ratiba hubadilika. Ukishindwa kujaza walau nusu ya jedwali, chuo hicho hakikufai hata kama kina jina kubwa. Jedwali likikamilika ndipo linaingizwa kwenye mkataba wa masomo, unaosainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Kozi ikibadilika ukiwa kule, mkataba nao ubadilishwe na usainiwe upya ndani ya wiki za mwanzo.

Angalia lugha ya kozi yenyewe, maana tovuti ya chuo kuwa kwa Kiingereza hakumaanishi kwamba kozi inafundishwa kwa lugha hiyo. Uswidi, Ufini na Uholanzi zina kozi nyingi za Kiingereza. Ujerumani, ngazi ya shahada ya kwanza bado kwa sehemu kubwa inafundishwa Kijerumani.

Halafu alama. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya kufaulu kwa shida. Kwetu GPA (wastani wa alama) ya 5.0 ndiyo kilele. 1.3 ya Ujerumani ikiingizwa kwenye mfumo bila kugeuzwa, umejiharibia matokeo mazuri. Kanuni ya kugeuza alama ikubaliwe kwa maandishi kabla hujaondoka.

Mwezi wa kwanza ndio unaobana

Chukua mji wa bei ya wastani Ujerumani, tuseme posho ni yuro 850. Chumba cha hosteli 320, chakula 220, bima ya afya karibu 140, simu 15: jumla 695. Unabaki na 155, na ukijipikia utaishi. Ila mwezi wa kwanza kuna amana ya chumba, tuseme 500, kodi 320, mchango wa muhula (si ada ya masomo) 250 na chakula 150. Hiyo ni 1,220, na posho inaweza isiingie mpaka ufungue akaunti ya benki. Asiye na akiba hiyo aombe mapema sehemu ya posho ilipwe kabla ya safari. Munich ondoa kwenye hesabu hii. Kodi yake ni ya juu mno. Leipzig inavumilika.

Ubalozi nao una hesabu zake. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inataka uthibitisho wa yuro 992 kwa mwezi. Barua ya ufadhili ikisema 850, unaweza kudaiwa kuonyesha tofauti, yaani 142 kwa kila mwezi. Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo viza fupi ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) haitoshi; unahitaji viza ya kitaifa au kibali cha ukaazi. Pasipoti (Sh 150,000) iombe kabla hata hujachaguliwa. Nchi isiyo na ubalozi Dar es Salaam, kama Austria, itakupeleka Nairobi: ongeza nauli na siku.

Unayetegemea mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), nenda ofisi ya mikopo chuoni mapema. Boom (fedha za kujikimu za mkopo) linasainiwa, na wewe hutakuwepo.

Ukifika Ujerumani, kuhudhuria mihadhara hakutoshi: mtihani una usajili wake wenye tarehe ya mwisho, na ikikupita hufanyi mtihani. Kabla ya kuondoka chukua cheti cha tarehe ulizokaa, kwa sababu posho huhesabiwa kwa siku, na uliza transkripti itatumwa lini na kwa nani. Muhtasari wa kila kozi uliyosoma upakue na uuhifadhi ukiwa bado una akaunti ya chuo hicho.