Kuchagua Beji na Stika za Gari la Spoti Ulilojiundia Mwenyewe

Gari la aina ya Locost, yaani lile linalofuata umbo la Lotus Seven, gari dogo la spoti lililo wazi juu la kampuni ya Kiingereza ya Lotus, ya mwaka 1957 lakini chesisi yake mwenyewe ameichomelea gerejini kwake kwa mabomba ya chuma ya pembe nne, hutoka mikononi mwa aliyeliunda likiwa halina jina. Pua yake ni tupu, katikati ya usukani hakuna kitu, na nyuma yake kuna namba ya usajili tu. Huku Uingereza, ambako magari haya ni mengi na yana hata mashindano yake chini ya klabu ya mbio za magari ya 750 Motor Club, nimeona watu waliotumia miaka miwili au mitatu kuunda gari zuri kisha wakatumia dakika kumi kuliagizia beji mtandaoni. Kazi hiyo ya mwisho inastahili uangalifu uleule uliotumika kwenye kuchomelea, kwa sababu beji ndiyo inayomwambia mtu anayelitazama gari ni nani aliyelitengeneza, na jibu hilo liwe la kweli.

Nianze na kishawishi kikubwa kuliko vyote, ambacho ni kubandika beji ya Lotus. Historia yenyewe inakifanya kionekane halali. Lotus iliiuza Seven ikiwa vipande ili mnunuzi aiunganishe nyumbani, kwa kuwa gari lililouzwa hivyo liliepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa magari kamili, na hali hiyo ilidumu hadi kodi ya VAT ilipoingia Uingereza mwaka 1973, mwaka uleule ambao kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuitengeneza Seven. Kwa hiyo zipo Seven za kweli zilizofungwa bolti na wenyewe gerejini, na zinavaa beji ya Lotus kwa haki. Gari lako wewe halimo katika ukoo huo, hata kama vipimo vyake vinalingana na vya Seven kwa milimita. Beji ya Lotus imebeba herufi A, C, B na C, ambazo ni za jina la Anthony Colin Bruce Chapman, mwanzilishi wa Lotus, na Chapman hakugusa chesisi yako. Zaidi ya heshima, nembo hizo zimesajiliwa kisheria; tena siku utakapoliuza gari, mnunuzi atakayeona beji moja kwenye pua na jina jingine kwenye hati ya usajili atakuwa na sababu ya kutilia shaka kila kitu kingine unachomwambia. Ukitaka kutaja asili ya injini, andika kwa herufi za kawaida kwamba ni ya Ford au ya Mazda, bila kuiga nembo yao. Huo ni ukweli na unatosha.

Basi gari litahitaji jina na alama ya kwako. Sisi tuliokua tukisoma ubavu wa matatu na daladala kabla hatujajifunza kusoma vitabu tunajua kwamba chombo cha moto huzungumza kwa maandishi yake, na sioni kwa nini gari lililoundwa na Mswahili huko Northampton liitwe kwa jina la Kilatini. Langu linaitwa Kipanga. Nilichagua jina hilo kwa sababu ni la ndege mdogo mwenye kasi, lina herufi saba tu, na Mwingereza anaweza kulitamka bila kufundishwa. Kabla ya kulipia chochote, tafuta jina lako kwenye rejista ya alama za biashara ya ofisi ya hakimiliki ya nchi unayoishi. Huku Uingereza utafutaji huo ni wa bure, na hukuokoa usichore kitu ambacho tayari kina mwenyewe.

Katika kuchora nembo, inafaa kutazama waliofaulu walianzia wapi. Carlo Abarth aliweka nge kwa sababu ndiyo nyota yake ya kuzaliwa. Maserati walichukua mkuki wa ncha tatu kutoka kwenye sanamu ya Neptune iliyopo Bologna, mji walikoanzia kazi. Alama hizo zilitoka katika maisha na mahali pa waliozitengeneza, na zote mbili zina sifa moja ya kiufundi: hutambulika hata zikipunguzwa hadi ukubwa wa sarafu na kuchapishwa kwa rangi nyeusi peke yake. Fanya jaribio hilo hilo kwa mchoro wako. Ukiona mistari inaungana au jicho la ndege linapotea, punguza maelezo mpaka yaliyobaki yasimame. Kumbuka pia kwamba mchoro utakatwa na plota, yaani mashine inayokata stika kwa kisu, na vipande vyembamba kupita kiasi huinuka pamoja na mabaki wakati fundi wa stika anapoyabandua. Kwa maandishi ya ubavuni mimi siruhusu mstari wowote uwe chini ya milimita 3.

Ukubwa ndipo wengi wanapokosea, na karibu kila mara kosa ni kuzidisha. Gari la aina hii lina urefu wa mita tatu na kidogo tu na pua nyembamba, hivyo beji inayokaa vizuri kwenye gari la kawaida hapa huonekana kama sahani. Kata miduara ya karatasi ya kipenyo cha milimita 40, 50, 60 na 75, ibandike mmoja mmoja kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, kisha rudi nyuma hatua kumi na utazame ukiwa umesimama na ukiwa umechuchumaa. Iache hapo usiku mzima uitazame tena asubuhi. Kwangu mduara wa milimita 75 ulipendeza jioni, na asubuhi ukaonekana umeifunika pua yote. Nikaishia na 50. Mstari wa mapambo unaopita katikati ya gari nao ujaribiwe hivyo hivyo kwa utepe, ukipimwa kutoka kwenye kingo za boneti na si kwa macho, kwani pua ya faiba iliyotoka kwenye moldi ya bei nafuu haiwi na pande zinazolingana, na mstari ulionyooka kwa rula unaweza kuonekana umepinda. Katika hali hiyo fuata kile jicho linachokiona kutoka mbele, si kile rula inachosema.

Rangi ina lugha yake ya zamani. Tangu mashindano ya mwanzoni mwa karne ya 20 kijani kilikuwa cha Uingereza, buluu ya Ufaransa, nyekundu ya Italia, na nyeupe yenye mistari ya buluu ikaja kuwa ya Wamarekani. Kijani chenye mstari wa njano kitasomwa mara moja kuwa ni Lotus, hata bila beji. Mkanda wa rangi kuzunguka pua ulikuwa na kazi ya kuwatambulisha madereva wa timu moja kwa watu waliosimama pembeni ya njia, na ndiyo maana mkanda mmoja mpana hupendeza kwenye magari haya kuliko michoro mingi ya miali ya moto. Mimi ningekuwa na rangi mbili, na ya tatu iwe ndani ya beji tu.

Kabla ya kuagiza, soma masharti ya ukaguzi. Gari la kujiundia Uingereza hupitia ukaguzi wa IVA, yaani wa kuidhinisha gari moja moja, na mkaguzi huangalia kila kinachochomoza nje kwa kutumia mpira wa kipenyo cha milimita 100: ukingo unaoweza kuguswa na mpira huo unatakiwa uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Kinachochomoza chini ya milimita 5 hupewa nafuu, mradi kingo zake ziwe butu. Kanuni namba 26 ya Umoja wa Mataifa kuhusu machomozo ya nje inasema pambo linalozidi milimita 10 lazima lirudi ndani, ling'oke au lipinde likisukumwa kwa nguvu ya takriban uzito wa kilo 10. Kwa maneno mengine, sanamu ya ndege wa shaba aliyesimama juu ya pua haifai, na beji bapa ya unene wa milimita 3 yenye ukingo laini haitakuletea shida. Kwenye kioo cha mbele usibandike kitu mbele ya dereva. Stika zinazorudisha mwanga mwekundu haziruhusiwi kutazama mbele. Bamba la namba nalo liachwe peke yake kabisa, bila stika wala mkanda kuligusa.

Sasa vifaa. Beji ya enameli halisi, ile ya unga wa kioo uliochomwa juu ya shaba, ni ghali lakini haipauki kwa jua, na ukiipapasa unahisi ubaridi na uzito ambao plastiki haina. Beji iliyofunikwa tone la resini inayong'aa ni nafuu na nyepesi, na inafaa katikati ya usukani kwa sababu haina ncha. Kwa stika, omba vinaili ya kumiminwa, ambayo hutengenezwa ikiwa majimaji na kuachwa ikauke, na si ile iliyokandamizwa kwa rola. Ya rola imevutwa kwa nguvu kiwandani na hutamani kurudi ilikotoka: baada ya miezi kadhaa ya jua hujikunja na kuacha mstari wa gundi nyeusi pembeni. Ya kumiminwa ni nyembamba zaidi, hulala kwenye mikunjo ya madigadi, na hudumu miaka mingi. Fundi akikuambia zote ni sawa, tafuta fundi mwingine.

Kuna jambo moja ambalo sitaki msomaji alijifunze kwa njia niliyojifunza mimi. Nilipaka pua yangu rangi siku ya Jumamosi, na Alhamisi iliyofuata, kwa kuwa kidole kiliniambia imekauka, nikabandika mkanda wa njano. Baada ya wiki tatu mkanda ulikuwa umejaa vipele vidogo kama punje za mtama, kwa sababu rangi mbichi iliendelea kutoa mvuke wa tina chini ya vinaili na mvuke haukuwa na pa kutokea. Nilipoubandua, ulikuja na rangi. Rangi iliyokauka juu huwa bado haijaiva ndani. Muulize aliyekuuzia inahitaji muda gani, na kama haikuchomwa kwenye chumba cha joto, subiri mwezi mmoja au zaidi. Faiba mpya nayo hutoa mvuke vilevile.

Siku ya kubandika, gari liwe kivulini, na bodi iwe na joto la kati ya nyuzi 15 na 25. Osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, maana nta na polishi ni adui wa gundi. Weka stika mahali pake ikiwa bado na karatasi yake ya nyuma, ipime, halafu pitisha utepe mmoja katikati ili uwe bawaba. Kunja nusu ya kulia juu ya utepe, bandua karatasi yake ya nyuma na uikate, kisha ilaze polepole ukisukuma kwa kikwangulio cha plastiki kilichovishwa kitambaa, kutoka katikati kuelekea nje, kila mpigo ukipanda nusu ya uliotangulia. Ondoa utepe, fanya upande wa kushoto. Karatasi ya juu, ile inayoishika stika wakati wa kubandika, ibanduliwe kwa kuirudisha nyuma ikiwa imelala karibu na bodi, si kwa kuivuta juu. Kipovu kikibaki, kitoboe kwa sindano na ukikandamize kwa kidole. Wembe hufungua jeraha ambalo litaendelea kuchanika.

Beji ya bolti inahitaji tundu, na tundu kwenye faiba huogopesha kwa haki. Weka tabaka mbili za utepe, chora alama juu yake, anza kwa keekee ikizunguka kinyume hadi ipite ngozi ya juu, ndipo uigeuze mbele bila kuisukuma. Nyuma weka washa pana ya plastiki na kaza nati kwa vidole, kisha robo mzunguko tu. Kwenye alumini washa hiyo ni ya lazima zaidi, kwani shaba ikigusana na alumini penye unyevu alumini huliwa.

Chagua mahali panapoepuka mawe na moto. Madigadi ya nyuma hupigwa na changarawe inayorushwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo hapo weka filamu angavu ya kulinda rangi, si jina la gari. Ubavu ulio karibu na eksosi uachwe wazi. Kama utakwenda kwenye mashindano, acha pia nafasi ya duara la namba na ya alama za usalama: mshale mwekundu wa radi ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe kwa swichi ya kukata umeme, na herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe kwa kizimamoto. Hizo hupangwa kwanza, na mapambo hufuata nafasi iliyobaki.

Ukibandika kwenye alumini isiyopakwa rangi, fahamu kwamba metali iliyo chini ya stika itabaki inang'aa huku inayoizunguka ikififia, na ukiibandua baada ya miaka mitatu utaliona jina la zamani kama kivuli hadi uipolishi paneli nzima. Kwa sababu hiyo weka faili la mchoro, namba ya rangi ya vinaili na nakala moja ya kila stika ikiwa imelazwa bapa kwenye bahasha pamoja na hati za gari, na usilioshe gari kwa maji ya presha kabla ya siku mbili kupita tangu ubandike.