Kuandika insha bila kuwasumbua wahenga

Vijana wanaoniletea insha zao hapa Kibokoni, karibu wote huanza hivi: "Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena..." Mwanangu, waache wahenga wapumzike. Hiyo ni insha ya mtihani. Mimi nataka ile nyingine, ya mtu anayewaza huku msomaji akimwona.

Mfaransa Montaigne alichapisha insha zake za kwanza mwaka 1580, na hakuona haya kuandika juu ya kidole gumba, harufu, au usingizi. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, akawasema watu wa mji wake kwa makala fupi zenye makali. Sheikh alishika kalamu jibu akiwa nalo; Montaigne alishika kalamu ili alitafute. Anza na Montaigne, ndiye mgumu.

Usiniletee "Umuhimu wa Usafiri." Niletee hili: kwa nini watu hutimka mbio kwenye mteremko wa feri Likoni? Nenda ukasimame pale. Andika unachokiona tu: mkokoteni unaozuiliwa kwa visigino, mama aliyevua viatu akavishika mkononi. Kisha andika jibu la harakaharaka: wanachelewa kazini. Sasa lipinge. Mbona jioni, wakirudi makwao, wanakimbia vilevile? Nauli nayo si sababu, maana anayevuka kwa miguu halipi. Labda mmoja akikimbia wengine huogopa kubaki nyuma. Na wewe je, ulikimbia? Hapo ndipo insha inapoanza, na hapo ndipo wengi huweka kalamu chini wakidhani wamemaliza.

Kila aya iisumbue iliyotangulia. Ukijiona unaandika "pili" na "tatu," jua umerudi darasani. Methali itumie ikiwa unataka kugombana nayo.

Ukimaliza, msomee mtu barazani, asiwe rafiki yako sana. Akisema "Ehe?" sehemu hiyo ibaki. Akitoa simu, weka alama, ukakate baadaye. Aya ya kwanza ndiyo hukatwa mara nyingi, kwa sababu uliiandika kabla hujajua unachosema. Na ile ya mwisho inayoanza "Kwa kukamilisha ningependa kusema," hiyo usiiandike kabisa.