Kugawa msaada wa chakula bila kuacha lundo la taka kijijini

Ugawaji ukiisha, taka zinazoonekana uwanjani ni vifungashio. Lakini hasara kubwa zaidi huwa imeshatokea ghalani: mahindi yaliyooza. Gunia likitupwa, dizeli iliyolisafirisha, dawa iliyolipulizia na mvua iliyolikuza vimetupwa nalo. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye mapokezi.

Mzigo unapofika, pima unyevu kabla lori halijashushwa. Kiwango cha juu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5, na kipimo halisi ni cha mashine. Kama mashine haipo, chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi mpaka theluthi, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15: kataa mzigo au uanike. Isipoganda, bado hujawa salama. Umejua tu kwamba hauko zaidi ya 15. Wengi huishia hapo na kusaini. Kumbuka mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, yaliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyopimwa yakakutwa nayo usiwape ng'ombe wala mbuzi wa maziwa, maana hupita mpaka kwenye maziwa. Mwite afisa afya asimamie uteketezaji.

Ghalani, magunia yakae juu ya chaga, mita moja kutoka ukutani, ili mtunza ghala apite akikagua. Makuli wasitumie kulabu. Tundu moja humwaga nafaka njia nzima. Nafaka iliyomwagika ichekechwe na kufungwa peke yake, isirudishwe kwenye gunia zima. Unga na mafuta, chenye tarehe ya karibu ya kuisha muda ndicho kitangulie kutoka, hata kama kiliingia jana.

Sasa ugawaji. Hapa ndipo watu hupoteza vifungashio bila sababu, kwa kufungasha upya fungu la kila kaya kwenye mifuko midogo. Gawa kwa kundi la vichwa 25, yaani watu 25 wa kaya kadhaa, sio kwa kaya. Tuseme posho ni gramu 400 za mahindi, 60 za maharage na 25 za mafuta kwa mtu kwa siku. Kwa siku 30, vichwa 25 wanahitaji kilo 300 za mahindi, yaani magunia sita ya kilo 50 kamili. Mafuta ni kilo 18.75, karibu sawa na dumu moja la lita 20. Maharage ni kilo 45: punguza kilo 5 kwenye kila gunia la 50, na baada ya makundi tisa utakuwa na fungu la kundi la kumi. Hakuna mfuko wa ziada uliohitajika.

Kundi ligawane lenyewe juu ya turubai, kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 12 za mahindi kwa kila kichwa, maharage kilo 1.8, mafuta mililita 800 kwa jagi lenye alama. Mafuta yagawiwe mwisho, mikono ikiwa imeshamaliza nafaka. Ugomvi hutokea pale kaya kubwa inapowekwa na kaya za wazee wanaoishi wenyewe, halafu mwenye sauti akapima. Mpimaji achaguliwe na kundi, na asiwe wa kaya kubwa. Mtendaji wa kijiji atangaze siku mbili kabla kwamba kila kaya ije na gunia, ndoo na chombo cha mafuta. Wasipotangaziwa watapokelea kwenye khanga, na wafadhili watakimbilia vifuko vya plastiki, ambavyo vimepigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Gunia usilichane kwa kisu. Mshono wake wa mnyororo hufumuka wote kwa kuvuta uzi, ila kwa upande mmoja tu. Ukivuta ukakwama, nenda ncha ya pili. Gunia lililofumuliwa hivyo linashonwa tena. Lililochanwa limeshapoteza shingo.

Vyakula vyenyewe vichaguliwe kwa mlaji. Ugogoni, mkoani Dodoma, uwele na mtama vinaliwa na mlenda bila kushawishiwa, na mara nyingi vinapatikana jirani. Maharage yagawiwe na maelekezo ya kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yale: yanaiva mapema, kuni zinapungua, na miti ya kukata huko si mingi.

Kama kuna maji ya msaada, acha chupa ndogo. Watu 500 kwa lita 15 kila mmoja ni lita 7,500 kwa siku; boza moja la lita 10,000 na simtanki zinatosha. Kwa chupa za nusu lita ungeacha chupa 15,000 kila siku.

Lori lirudi na kitu. Mifuko mitupu 600, inayobaki kwenye shehena ya tani 30, haifiki kilo 100, lakini ikiachwa itachomwa nyuma ya shule. Funga mafungu ya 50, hesabu, andika kwenye hati ya safari. Chaga zirudi pia. Madumu ya mafuta waachie wananchi, wayaoshe kwa maji ya moto na sabuni. Madumu ya klorini ya kutibu maji na makopo ya dawa za wadudu yatobolewe na kurudishwa yote, kwa idadi ileile iliyotoka.