Jinsi ya kubadilisha uongozi wa chuo cha viziwi: anzeni na bodi, rais wa chuo baadae

Wakuu, kama mnasoma au mnafundisha kwenye chuo cha viziwi na mmechoka kuongozwa na watu ambao hata salamu kwa lugha ya alama hawaijui, najua hasira ya kwanza itaenda kwa mkuu wa chuo, atoke, aje wa kwetu. Sawa, ila mkuu wa chuo hajajiweka pale mwenyewe, kuna watu walikaa mezani wakapiga kura akapita, na hao wakibaki vilevile mtamtoa huyu leo alafu wao watawaletea pacha wake. Kwaiyo haya ninayoandika hapa ni ya watu wenye subira kidogo.

Mfano wa kujifunzia upo, na ni Gallaudet pale Washington DC. Chuo cha mwaka 1864, Rais Lincoln ndo alisaini sheria ya kukiruhusu kitoe digrii, chuo cha viziwi kabisa, alafu miaka 124 hakijawahi kuongozwa na kiziwi hata mmoja. Machi 1988 bodi ilikuwa na majina matatu mezani ya mkuu mpya (wao wanamuita rais wa chuo), I. King Jordan na Harvey Corson ambao ni viziwi, na Elisabeth Zinser anayesikia na ambaye lugha ya alama hajui. Wakamchagua Zinser, wanafunzi wakagoma na kufunga chuo. Mnashangaa? Msishangae, kwenye bodi ya watu 21 viziwi walikuwa 4.

Hiyo ndo kazi yenu ya kwanza, hesabu. Kabla ya bango, kabla ya tisheti, tafuteni majina ya wajumbe wote wa bodi na mjaze mambo manne kwa kila mmoja: ni kiziwi au anasikia, anaweza kuongea na mwanafunzi bila mkalimani au hawezi, nani alimteua, na muda wake unaisha lini. Usiruke hilo la mwisho maana kuna mageuzi mengine hayahitaji mgomo wowote, yanahitaji tu mjue kwamba viti vitatu vinafunguka mwaka kesho na muwe na majina yenu mkononi mapema, majina ya watu wenye sifa kweli kweli, mhasibu kiziwi, mwanasheria kiziwi, sio rafiki yetu tunayempenda.

Alafu fuateni hela. Gallaudet sehemu kubwa ya bajeti yake ilikuwa inatoka serikali kuu kupitia Congress, yaani Bunge la Marekani, na wabunge wana viti vyao humo kwenye bodi, ndo maana wanafunzi tarehe 11 Machi hawakuandamana kwenda popote tu, walienda Capitol, jengo la Bunge hilo, watu kama 2,500 hivi. Nyie nanyi mjue anayelipa ni nani, wizara, kanisa, wafadhili wa nje, maana bodi inaweza kuwapuuza miaka kumi lakini barua ya mlipaji wanaijibu siku hiyohiyo. Na kama mko Kenya mna silaha ambayo wale wa 1988 hawakuwa nayo, Katiba ya 2010 Ibara ya 7 inaitaka serikali ikuze na kutumia lugha ya alama ya Kenya, na Ibara ya 120 inaiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sasa kama Bunge linaiweza, bodi ya chuo cha viziwi inashindwaje?

Madai. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, mnaandika madai 27, chakula cha kantini humohumo, wifi humohumo, bodi inajibu ya wifi na kutangaza kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri. Wale wa Gallaudet waliandika manne tu: Zinser ajiuzulu na rais kiziwi achaguliwe, mwenyekiti wa bodi Jane Bassett Spilman ajiuzulu, viziwi wafike asilimia 51 ya bodi, na asiadhibiwe mtu kwa kushiriki. Ukiyaangalia vizuri la kwanza ndo lilipigwa picha na kuingia kwenye magazeti, ila la tatu ndo lililokaa, kwa sababu rais anastaafu na kanuni ya bodi inabaki. Mimi ningeweza ningeliweka namba moja.

Na msitume wa kuongea mmoja. Wao walikuwa wanne, Bridgetta Bourne, Jerry Covell, Greg Hlibok na Tim Rarus, ukimkamata mmoja au ukimpa ahadi ya kazi bado wapo watatu.

Kuna kisa kimoja cha wiki ile nakipenda sana. Tarehe 7 Machi, geti zimeshazibwa kwa magari na matairi yametolewa upepo, Spilman anaingia kwenye ukumbi wa michezo kuongea na umati. Kabla hajafika mbali mwalimu kiziwi, Harvey Goodstein, anapanda jukwaani na kuwaambia watu kwa alama kwamba bodi imekataa madai yote, tokeni. Watu wanatoka. Kengele ya moto inalia humo ndani, Spilman analalamika kuwa hawezi kuongea na hizo kelele, na jibu analopewa ni, kelele gani? Ungejua lugha ya alama tungekusikia. Mwenyekiti wa bodi ya chuo cha viziwi, yupo kwenye bodi miaka kadhaa, anategemea kipaza sauti mbele ya viziwi. Hapo hoja ilikuwa imeshajijibu yenyewe. Ndani ya siku tatu nne Zinser akaachia, tarehe 13 Jordan akatangazwa, na uenyekiti wa bodi ukaenda kwa Philip Bravin, kiziwi.

(Pembeni kidogo: miezi mitatu tu kabla ya hapo, Desemba 1987, Andrew Foster alikufa kwenye ajali ya ndege Rwanda. Huyu ndo anatajwa mara nyingi kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu digrii Gallaudet, 1954, na ndo alizunguka Afrika kufungua shule za viziwi, nyingi sana, mpaka Zaire na Burundi. Alihitimu chuo hicho, akaongoza shule nchi kibao, na chuo chenyewe bado kilikuwa kinasubiri kiziwi wa kukiongoza. Inauma.)

Sasa watu wengi wakisimulia wanaishia hapo, wameshinda, makofi. Twende 2006. Jordan anastaafu, bodi inamchagua Jane Fernandes, aliyekuwa msaidizi wake mkuu wa taaluma. Ni kiziwi. Mwenyekiti wa bodi naye kiziwi. Na bado chuo kikawaka moto, mwezi wa tano na tena mwezi wa kumi, zaidi ya wanafunzi 100 wakakamatwa siku moja, walimu asilimia 82 wakapiga kura aachie ngazi, na tarehe 29 Oktoba bodi ikafuta uteuzi wake. Kuna waliosema ugomvi ni kwamba eti sio kiziwi wa kutosha kwa kuwa lugha ya alama alijifunza ukubwani. Waandamanaji wenyewe walikataa hilo, wakasema shida ni mchakato, kwamba hawasikilizwi, na kwamba Glenn Anderson, kiziwi mweusi mwenye sifa zake aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi hiyohiyo, hakufika hata kwenye majina ya mwisho. Mwaka uliofuata Middle States, chombo cha ithibati, kikakiweka chuo chini ya uangalizi mpaka 2008.

Kwaiyo asilimia 51 peke yake ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuandika kwenye kanuni, kwa maneno ambayo mwanasheria hawezi kuyapindisha, jinsi kiongozi anavyopatikana: kamati ya kutafuta ina wanafunzi wangapi na walimu wangapi, nao wanachaguliwa na wenzao sio kuteuliwa na ofisi, vigezo vinatangazwa kabla majina hayajaja, majina ya mwisho yanakuja mbele ya chuo kizima na kuhojiwa kwa lugha ya alama, na bodi ikiamua kinyume na maoni ya jumuiya inatoa sababu kwa maandishi. Na anayetoka asimwandae mrithi wake. Hili la mwisho litawaudhi wazee, liandikeni hivohivo.

Vikao navyo. Unaweza ukawa na viziwi wengi kwenye bodi na bado wanaosikia ndo wanaendesha kikao, inatokea hivi: mwenyekiti anamaliza kuuliza, mkalimani yuko nyuma sekunde mbili tatu, kiziwi anapomaliza kuangalia swali na kunyanyua mkono, anayesikia ameshachukua nafasi na ameshafika katikati ya hoja. Kikao kizima kinaenda hivo. Dawa yake ni sheria ndogondogo: kikao kinaendeshwa kwa lugha ya alama na asiyeijua ndo anawekewa mkalimani, meza iwe duara au herufi U ili kila mtu amuone kila mtu, anayeongea mmoja tu na anapewa nafasi na mwenyekiti, mwanga usitoke dirishani nyuma ya anayeongea. Karatasi zitumwe wiki moja kabla, maana macho hayawezi kusoma bajeti na kumuangalia mkalimani kwa wakati mmoja, ukigawa makaratasi pale mezani na kuendelea kuongea umewatoa viziwi kwenye mjadala. Muhtasari utoke kwa maandishi na kwa video ya lugha ya alama, tarehe moja, sio video ije mwezi ukishapita.

Wajumbe wanaosikia msiwafukuze, mtawahitaji, ila wapewe muda wa kujifunza lugha ya alama, tuseme miaka miwili na kipimo mwishoni, asiyefika asiongezewe kipindi.

Na matangazo makubwa yatolewe ana kwa ana. Mwaka 1988 watu walikuwa chuoni wanasubiri kuambiwa nani kachaguliwa, wakaishia kugawiwa karatasi za taarifa kwa vyombo vya habari getini, usiku huohuo wakaenda kwa miguu mpaka Hoteli ya Mayflower bodi ilipokuwa.

Mkifika kwenye kusaini, dai la kutoadhibiwa msiliache liwe la mdomo. Liandikwe, litaje wanafunzi, walimu na pia wafanyakazi wa jikoni na walinzi waliowaunga mkono, maana hao ndo hukatwa mishahara kimyakimya baada ya kamera kuondoka, na geti lisifunguliwe mpaka nakala iwe mkononi kwenu ikiwa na muhuri.